Fungu la Tano

Mwanamke ninayetaka kumwelezea hapa alisoma vitabu kwa miaka ishirini na sita bila kujua hata kimoja kilianzaje wala kiliishaje. Alijua katikati tu. Kwa siku nne nilimshuku kuwa mwizi, tena mwizi wa aina mbaya, yule anayekuamkia kwa upole kila asubuhi. Sasa amestaafu, na ile siri iliyotutoa jasho inauzwa madukani kwa yeyote anayeitaka, kwa hiyo naweza kuyaandika haya bila kumponza mtu.

Tulikuwa wote kwenye kiwanda cha uchapaji, si kikubwa. Ukiingia unakutana kwanza na ofisi ya Meneja, yenye kioo ambacho yeye anakuona na wewe humwoni. Kisha ukumbi wa mitambo. Mwisho kabisa chumba cha kujalidi, chenye meza mbili ndefu na wanawake kumi na wanne. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa hicho, kidogo kama kabati, chenye kidirisha cha kupitishia prufu, zile nakala za majaribio. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Nilisoma kila kitabu kabla hakijachapwa, neno kwa neno, na fundi wa mitambo akaniita Kalamu Nyekundu. Yeye tulimwita Ngurumo, kwa sababu miaka ya kushindana na kelele za mashine ilimfanya apige kelele hata anapokuuliza kama umelala salama.

Mashine ya kukunja ilikuwepo, lakini ilichana karatasi kila hewa ilipokuwa na unyevu, basi vitabu vingi vilikunjwa kwa mkono. Karatasi moja kubwa hubeba kurasa kumi na sita. Ukiikunja mara tatu unapata kijitabu chembamba, nasi tulikiita fungu. Fungu la kwanza lina ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na sita, la pili linaendelea hapo, mpaka kitabu kinakwisha. Kila mwanamke alikuwa na fungu lake na hakuruhusiwa kubadilishana, ili kosa likionekana ijulikane limetoka mkononi mwa nani. Meneja ndiye aliyeweka utaratibu huo. Alikuwa mtu wa kufunga droo, kuondoka, kisha kurudi kuivuta kama imefungwa.

Mwanamke wangu alikuwa wa fungu la tano: ukurasa wa sitini na tano hadi wa themanini. Alikunja kwa kipande cha mfupa kilichochongwa, cheusi kwa kushikwa, na alipokipitisha juu ya karatasi kilitoa sauti kama mtu anayenyamazisha mtoto. Wenzake walikunja tu. Ukimuuliza wa fungu la mwisho kitabu kiliishaje, atakwambia kiliisha vizuri, karatasi haikuchanika. Yeye alisoma. Alipokuwa akikunja macho yake yalitembea, na nakala elfu moja zikipita mikononi mwako, hata kwa mstari mmoja mmoja, jioni utakuwa umezimaliza kurasa zote kumi na sita mara kadhaa. Walimwita Mama Katikati.

Saa nne tulikunywa chai chumba cha kujalidi, pamoja na Ngurumo na mlinzi wa lango. Msimamizi wa zamani wa chumba cha kujalidi, ambaye mimi sikumkuta, aliacha sharti moja: birika haliinami mpaka kila mtu aseme anasoma nini. Asiyesema hanywi. Alikuwa amechoka, walisema, kuona watu wanatengeneza vitabu kama watu wanaofyatua matofali.

"Haya, tuambizane," aliyeshika birika alianza.

"Mimi bado niko kwenye sungura," mlinzi alijibu. Alikuwa na kitabu kimoja cha ufugaji wa sungura, na kwa muda wote niliofanya kazi pale hakukimaliza wala hakufuga sungura.

"Mimi gazeti," Ngurumo alinguruma. "Ukurasa wa nyuma. Tumefungwa tena."

"Wewe kila wiki umefungwa, utatoka lini?"

Kisha zamu ya Mama Katikati, na watu walisogeza viti. "Mimi niko kwenye cha mwanamke mmoja amesimama mlangoni na sanduku," alisema. "Sijui katoka wapi. Ndani kuna mtu anapika na hajui kama amekuja. Jamani, kinanoga! Nadhani anarudi kwa mumewe." Alikunywa funda, akatupitishia macho, polepole. "Hapana. Harudi. Amekuja kuchukua kitu chake."

Nilidhani anapima maneno yake, kama watu wazima wanavyofanya. Mara nyingi alipatia. Mimi niliyekwisha kusoma kitabu chote nilijua kwamba amepatia, nikanywa chai yangu kimya.

"Na Kalamu Nyekundu?"

"Prufu tu," nilijibu. Kila siku jibu langu lilikuwa hilo. Nilikatazwa kusema ninachosoma, na hata nisingekatazwa, watu kumi na sita wakinitazama kwa pamoja maneno yangu hukauka.

"Mwacheni huyo," Ngurumo alisema. "Huyo ni kaburi."

Nilijivunia jina hilo kuliko lile la kwanza.

Basi kikaja kitabu cha upelelezi. Mwandishi wake alikuwa na wasomaji wengi, na mchapishaji wake ndiye aliyetupa kazi kubwa kuliko wote. Kilihusu mama mwenye nyumba ya kupangisha aliyekutwa amekufa kitandani, na wapangaji wote wana sababu ya kumchukia. Muuaji hakujulikana mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mchapishaji alitaka siri hiyo ilindwe mpaka siku ya kutolewa. Kwa hiyo mafungu mawili ya mwisho Ngurumo aliyachapa akisimamiwa, na Meneja akajifungia nayo ofisini akayakunja mwenyewe, kwa mikono yake, yakatoka yamepinda kama paa la banda.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mteja mmoja aliingia kwenye duka la vitabu mjini akauliza: "Mnacho kile kipya, ambacho jirani mwenye supu ndiye aliyeua?"

Jumatatu asubuhi Meneja aliniita. Barua ya mchapishaji ilikuwa mezani, imegeuzwa uso chini.

"Kaa, binti." Aliivuta droo kuhakikisha imefungwa. "Waliosoma mwisho wa kitabu kile ni wanne. Mwandishi, mchapishaji, mimi na wewe. Mwandishi hawezi kujiibia. Mchapishaji ndiye anayelalamika. Mimi najijua."

"Sijasema neno, Meneja."

"Najua. Wewe hata ukikanyagwa hulalamiki. Ndiyo maana nakupa nafasi. Ijumaa saa tisa nataka taarifa, ukurasa mmoja, na ndani yake jina moja. Mchapishaji anataka mtu huyo aondoke, la sivyo ataondoka yeye na vitabu vyake." Alininyooshea kidole, lakini kwa upole, kama anayenionyesha njia. "Nisipopata jina, nitabaki na lile nililonalo. Kikulacho ki nguoni mwako, binti. Tafuta ndani ya nguo."

Nilitoka nikiwa nimeelewa. Jina alilokuwa nalo ni langu.

Sikuhitaji kutafuta mbali. Nilikumbuka vizuri asubuhi moja ya chai, siku kitabu kile kilipokuwa mezani. Mama Katikati alisema yuko kwenye cha mama mwenye nyumba, mgonjwa, na jirani anamletea supu kila siku. "Mtu anayeleta supu kila siku na hajasahau chumvi hata mara moja," alisema, "huyo ana jambo. Mimi nadhani ndiye." Akanywa funda, akatupitishia macho. Kisha akaweka kikombe chini. "Ndiye. Nimemaliza."

Siku ile nilidhani anacheza. Sasa nilijiuliza: alijuaje kwa uhakika ule? Mtu anayekisia husema labda. Alikuwa ameziona kurasa za mwisho, na kama aliziona, aliziiba.

Jumanne nilianza kumtazama. Ni jambo la ajabu jinsi mtu anavyobadilika ukimtazama kwa nia mbaya. Mkoba wake, ambao niliuona kila siku kwa miaka mitatu, sasa ulikuwa mkubwa kupita mahitaji. Mbona hauachi kwenye msumari kama wenzake? Mbona anauweka katikati ya miguu? Alipokwenda msalani nilihesabu dakika. Aliponisalimu, "Umeamkaje, mwanangu," nilisikia kitu ndani ya lile "mwanangu."

Jumatano nilimkamata. Walikuwa wakikunja kitabu cha ufugaji wa nyuki, nami nilikuwa nyuma ya kidirisha changu, kimefunguka upana wa kidole. Karatasi moja ilitoka na doa la wino. Zilizoharibika hutupwa kwenye gunia, na gunia huenda kwenye mashine ya kukatia. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba atakayetoka na hata moja asirudi kesho yake. Mama Katikati aliitazama ile karatasi. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Kisha aliikunja mara tatu, kwa mfupa, taratibu kama nyingine yoyote, akaitia ndani ya aproni yake.

Nilifunga kidirisha. Moyo ulinienda mbio, na sehemu kubwa ya mbio hizo, naona haya kusema, ilikuwa furaha. Nilikuwa na jina.

Nilichukua karatasi nikaanza kuandika taarifa, nikagundua kwamba silijui jina lake. Miaka mitatu ya chai, na sikuwahi kuuliza. Niliandika: *Mfanyakazi wa fungu la tano.* Nikaacha hapo.

Alhamisi nilitaka ushahidi. Wakati wa kutoka nilimsubiri langoni.

"Mama, leo nikusindikize?"

"Unisindikize mimi? Kwani nimezeeka kiasi hicho?"

"Nataka tu kupajua kwako."

Alinitazama kidogo. "Twende basi," alisema, na wepesi wa kukubali kwake ulinitia shaka zaidi. Mwizi hodari ndiye anayekukaribisha sebuleni.

Alikaa vyumba viwili vya chini katika jengo la ghorofa tatu, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Ndani tulimkuta mwanamke mnene wa umri wake, akimenya viazi kwenye beseni. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Ndiye huyu mnayemwita Kalamu?" wifi aliuliza bila kuinuka. "Mbona mwembamba kuliko kalamu yenyewe?"

"Wifi, mpe mgeni kiti cha miguu minne."

"Cha minne nimekikalia mimi. Huyu hana uzito, cha mitatu kinamtosha."

Nilikaa kwa hadhari. Ukutani palikuwa na picha moja, ya mwanamume amesimama kando ya lori, mkono juu ya boneti kama bega la rafiki. Mama Katikati aliona ninapoangalia.

"Mume wangu," alisema. "Alikuwa dereva wa safari ndefu. Alikwenda na kurudi mara kumi na moja. Ya kumi na mbili hakurudi. Si yeye, si lori, si barua."

"Kaka yangu yule namjua," wifi alisema. "Yuko mahali, ana tumbo na watoto wengine wanne."

"Wewe kila mwaka humwongezea mtoto."

"Nawe kila mwaka humbadilishia kifo."

Walicheka wote wawili, kicheko kilichozoeana. Niliambiwa mengine wakati maji yanachemka. Alisoma mpaka darasa la sita, mama yake akaugua, akaacha. Alifua nguo kwenye nyumba za watu, akauza vitunguu, kisha mtu akamwambia kuna kiwanda kinataka wanawake wenye mikono mikavu. Yake ilikuwa mikavu. Mume aliondoka mwaka wa pili wa kazi hiyo, na yule msimamizi wa zamani, badala ya kumpa pole, alimuuliza kwenye chai: unasoma nini? "Nikaona aibu kusema sisomi kitu," alisema. "Nikamwambia kilichokuwa mkononi mwangu. Ukurasa wa sitini na tano. Tangu siku hiyo."

Nilisikiliza huku macho yangu yakizunguka chumba: chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya pazia.

"Ni chini ya kitanda," Mama Katikati alisema.

"Nini, Mama?"

"Unachotafuta. Jana umeniona. Macho yako yalikuwa kwenye aproni yangu kama paka mbele ya samaki. Hicho kidirisha unadhani ni ukuta?" Aliinama, akavuta sanduku la bati, akanipakatisha kitu kizito.

Kilikuwa kitabu. Majalada yake ya kadibodi yalivikwa kitambaa cha pazia kuukuu, na kilishonwa kwa uzi wa kiwandani, kwa mkono wa mtu anayejua. Nilifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa sitini na tano. Nilipofika themanini, kando ya doa kubwa la wino, harusi ilikatika katikati ya sentensi na ukaanza tena sitini na tano, kesi mahakamani. Themanini. Sitini na tano: mtu anafundisha namna ya kuchimba kisima. Nilifunua na kufunua. Magazeti hayakuwemo, barua hazikuwemo, mwanzo wala mwisho havikuwemo. Palikuwa na vitabu vitatu vya namna hiyo ndani ya sanduku, vyote vya fungu la tano, kila karatasi imechafuka au imepinda mahali, na juu yake, bado haijashonwa, ile ya nyuki.

Nilikitafuta cha upelelezi nikakipata. Mama mwenye nyumba amelala, jirani anapuliza kijiko cha supu. Ukurasa wa themanini uliishia: *Akaweka bakuli mezani na.*

Basi. Hapakuwa na muuaji.

"Mama," nilisema, "kurasa za mwisho Meneja alizikunja amejifungia. Nani alikwambia kwamba ni jirani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi sijakwambia neno!"

"Neno hapana." Alikaa kitandani mkabala nami. "Mimi nakisia kwa sauti. Nakunywa funda. Nakutazama. Nikikosea, unatafuna mkate wako kwa raha. Nikipatia, unaacha kutafuna, unaanza kusoma kikombe. Kikombe chako kina neno moja tu, mwanangu. Mtu aliyesoma chuo kikuu, neno moja linamchukua dakika nzima?"

Wifi aliweka kisu chini ili acheke vizuri.

"Miaka mitatu," nilisema.

"Miaka mitatu. Kabla hujaja nilikuwa nakisia na kubaki hivyo hivyo, sijui kama nimepatia. Siku ya kwanza uliyokaa pale na kikombe chako, nikasema, Ee! Mwisho wa vitabu vyote umekuja kunywa chai." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo namna yako ya kusema, kwa kuwa ya mdomo huiwezi."

"Na watu wa mjini walijuaje?"

"Nilisema mbele ya wanawake kumi na watatu, mlinzi, na Ngurumo. Ulitaka ifike wapi?"

Nikakumbuka nilivyomtazama siku tatu: mkoba, msala, dakika. Muda wote yule mwizi nilikuwa nimemvaa usoni. Nyani haoni kundule.

"Macho hayana pazia," wifi alisema, akirudia viazi vyake. "Hata mimi tangu umeingia nimekisia jambo. Hukuja kututembelea."

Sijui nilisoma nini safari hiyo, nadhani beseni.

Mama Katikati alikifunga kitabu chake. "Kesho ni Ijumaa," alisema. "Kiwanda chote kinajua kuhusu taarifa. Ngurumo alininong'oneza, wakasikia mpaka barabarani. Unaandika jina la nani?"

"Sijui, Mama."

"Nimebakiza miezi minane nistaafu. Sikuombi. Nimesoma katikati nyingi sana za watu wakiombana, hazipendezi. Nataka tu ujue nimebakiza miezi minane." Alikirudisha kitabu kwenye sanduku na kulisukuma kwa mguu. "Kunywa chai. Hapa hatuulizani kwanza."

Ijumaa saa tisa kasoro dakika tano niliweka taarifa juu ya meza ya Meneja. Ilikuwa mistari sita. Aliisoma, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena.

"Uso," alisema.

"Ndiyo, Meneja."

"Unataka nimwandikie mchapishaji kwamba siri yake imetobolewa na uso?"

"Ndiyo iliyotokea."

"Unamficha mtu." Aliegemea nyuma, akanikazia macho, na nikamwona akifikiri. "Haya. Kile kitabu cha mwezi ujao umeshakisahihisha. Cha baba aliyepotea. Mimi nimefika nusu. Baba yule amekufa?"

Nilimtazama machoni bila taabu.

"Hajafa," Meneja alisema polepole. "Ana mke mwingine?" Alinisogelea. "Hapana... Yuko gerezani?"

Nyuma yake palikuwa na kalenda. Niligundua kwamba ilikuwa na siku thelathini na moja, na kwamba ya tisa iliangukia Jumapili.

"Loo!" Meneja alisema. "Yuko gerezani!" Akaitazama droo yake, ambamo bila shaka nusu ya pili ya kitabu ilikuwa inamngoja. "Na nilikuwa nakifurahia."

"Samahani, Meneja."

"Uso umeumbwa na haya, lakini wako umezidi." Alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena. Hasira yake haikuwa na pa kushika. Mtu anayesema unaweza kumfukuza. Anayekaa kimya na kikombe utamwandikia kosa gani? Mwishowe alianza kumwandikia mchapishaji, akisoma kwa sauti kila neno: chanzo kimepatikana, na kimetengwa. Chanzo kilikuwa mimi. Kuanzia Jumatatu ningekunywa chai chumbani mwangu, mlango umefungwa, na nisionane na watu wa kujalidi kitabu kikiwa mezani.

Niliinuka.

"Jambo moja," alisema. "Nasikia kuna karatasi zilizoharibika hazifiki kwenye gunia. Unamjua anayezichukua?"

Aliuliza bila kuinua kichwa, kisha akakiinua. Nilihisi uso wangu unaanza kunitoka kama mtoto anayekimbilia mlangoni. Nikafanya jambo pekee lililonijia. Niliinama chini ya meza kufunga kamba za viatu.

Nilizifunga kwa muda mrefu, zote mbili, kwa mafundo mawili mawili.

"Simjui," nilisema kutoka huko chini.

"Hm," Meneja alisema juu.

Viatu vyangu siku hiyo havikuwa na kamba, lakini kutoka upande wake wa meza hilo asingeweza kulijua. Nilipoinuka alikuwa anaijaribu droo.

Chai ya peke yako ina ladha nyingine. Nilisikia vicheko upande wa pili wa ukuta, nikasikia mlinzi na sungura wake, nikasikia Ngurumo akifungwa. Ilipofika zamu ya Mama Katikati walitulia, lakini sauti yake ilikuwa ya chini na sikupata neno. Nilikuwa sijawahi kusema chochote kwenye chai ile, na sikutegemea kwamba ningeitamani hivyo. Wiki tatu zilipita. Nilianza kushuku kwamba wamenisahau, kisha nikashuku kwamba wamefurahi, kisha, kwa kuwa shaka haina adabu, nikashuku kwamba Mama Katikati alinichezea tangu mwanzo ili aokoe miezi yake minane.

Wiki ya nne walianza kukunja kitabu cha baba aliyepotea. Siku ya pili, saa nne na robo, kidirisha changu kiligongwa kwa kitu kigumu. Nikaijua sauti ya mfupa. Kilifunguka upana wa kiganja, na nikaona kikombe cha chai, na juu yake jicho moja.

"Sikuja kuonana na wewe," Mama Katikati alisema. "Nimekatazwa. Nimekuja kusema ninachosoma, maana huko ndani hakuna mtu wa kumwambia. Wanasikiliza tu."

"Unasoma nini, Mama?"

"Niko kwenye cha baba mmoja. Hayupo, lakini kila mtu nyumbani anamzungumza. Mkewe bado anamwekea sahani. Binti anamwambia aiondoe. Jamani, kinanoga." Alikunywa funda. Sauti yake, alipoendelea, ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. "Mimi nadhani hakufa."

Nilinyakua prufu iliyokuwa mbele yangu nikaiinua mpaka juu ya nywele. Nilikaa hivyo, pua yangu ikigusa wino, nikisikia pumzi yangu kwenye karatasi.

Upande wa pili alikunywa funda jingine.

"Umejificha," alisema. "Basi yu hai."

Sikuishusha karatasi. Kidirisha kilifungwa taratibu. Nilingoja acheke, au awaite wenzake awaambie, kama alivyofanya siku zote. Hakuwaambia. Nilisikia kiti kikivutwa, kisha mfupa ukianza tena kupita juu ya fungu la tano.